Kona ya kioo: kisa cha cherero wawili na tundu jipya

Shemeji yangu wa Magomeni alinipigia simu Jumapili moja jioni, mwezi wa pili, kunipa habari za cherero wake wawili, wale kasuku wadogo wa kufugwa tunduni. "Shem, huyu dume ana mahaba. Anakilisha mpaka kioo!" Alinieleza jinsi anavyotikisa kichwa juu na chini mbele ya kioo kilichotundikwa kwenye tundu, kisha anatoa mbegu kooni na kuzipaka pale. Nikamtuliza. Cherero dume hucheua chakula ili amlishe jike, ndiyo posa yake. Akiona sura yake kwenye kioo huidhania ni ya mwenzake, akaipelekea posa hiyo hiyo. Nilisema hayo kwa uhakika wa mtu aliyefuga ndege hawa miaka 11, tukaagana.

Siku 12 baadaye alipiga tena, saa kumi na mbili asubuhi, sauti imebadilika. Dume alikuwa chini kwenye sakafu ya tundu, manyoya yamefura, macho nusu yamefumba, na kinyesi chake ni maji ya kijani.

Nimeamua kukieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu kila kilichomfikisha ndege yule pale kilikuwa ndani ya tundu lenyewe. Kilinunuliwa kwa hela nzuri na kupangwa kwa mapenzi, na hakuna kitu hata kimoja ambacho mtu angekitazama peke yake akasema hiki kitaua. Mpangilio ndio ulioviunganisha. Na sehemu ya kuchelewa ni yangu.

Ndege wenyewe

Cherero, ambao wauzaji wengi mjini wanawaita lavbedi, ni kasuku wadogo wenye mkia mfupi. Wako wa aina tisa, nane wa bara la Afrika na mmoja wa Madagaska. Aina mbili makao yao ya asili ni hapa Tanzania: wale wa Fischer, wenye uso wa rangi ya chungwa, wa Serengeti na nyanda zilizo kusini ya Ziwa Victoria, na wale wa uso mweusi na kola ya njano, wa nyanda za kati, kuelekea Dodoma na Iringa. Hao wa kola ya njano wamekuwa wakitoroka matunduni tangu zamani, na leo wapo wanaoishi huru Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa. Wa Fischer walinaswa kwa maelfu na kusafirishwa nje miaka ya 1980, hadi idadi yao porini ikapungua kwa namna ya kutisha. Ndege wa porini wanalindwa na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, kwa hiyo anayekuletea cherero kwenye kikapu bila karatasi yoyote anakuuzia kesi pamoja na ndege.

Wa shemeji hawakuwa wa porini. Ni wa aina ya tatu, wenye uso wa waridi, ambao mababu zao walitoka nchi kavu ya Namibia na kusini ya Angola, na wao wenyewe wamezaliwa tunduni kizazi baada ya kizazi. Aliwanunua kwa mfugaji, na karatasi akapewa. Aina hii dume na jike hawatofautiani kwa kuwatazama, na muuzaji anayekuhakikishia kwa jicho tu anabahatisha. Hawa tulimjua jike alipotaga.

Mmoja ana uzito wa gramu 50 hivi, sawasawa na yai la kuku. Naomba msomaji ashike hesabu hiyo kichwani, maana kisa chote kinaizunguka. Kipande cha kitu ambacho sisi tungekimeza bila kujua, kwa mwili wa gramu 50 ni mzigo.

Tundu lilivyokuwa

Lilikuwa zuri, nalisema kwa dhati. Shemeji alimpelekea fundi picha kwenye simu, fundi akamtengenezea tundu la mviringo lenye kuba juu kama msikiti, urefu wa mita moja na robo kwenda juu, upana wa sentimita 45. Wavu ulikuwa mpya kabisa, ule wa mabati wenye vijicho vya mraba, unang'aa kama fedha. Ndani kulikuwa na fimbo mbili laini za mbao zilizopigwa randa, zote za unene mmoja, zimepita katikati. Kulikuwa na kioo cha duara chenye fremu ya plastiki ya rangi ya pinki, kamba nene ya pamba yenye mafundo ya kupandia, kisanduku cha kutagia, na sakafuni mchanga mweupe wa pwani. Vikombe vya chakula na maji vilikuwa chini, mmoja chini ya kila fimbo. Tundu lote lilitundikwa kibarazani, nje kidogo ya dirisha la jiko.

Mgeni akiingia, macho yake huenda moja kwa moja pale. Ndivyo lilivyokusudiwa.

Sasa litazame kwa mwili wa cherero. Ndege huyu haruki kwenda juu kama helikopta, huruka kwenda mbele. Mita moja na robo ya kimo ilikuwa haimfai kitu, na sentimita 45 za upana ni mapigo mawili ya mbawa kisha ukuta. Tundu la mviringo halina pembe ya kujibanza, na ndege anayewindwa porini na kila mwenye kucha hutulia akiwa na kitu nyuma ya mgongo wake. Fimbo laini za unene mmoja hubana nyayo mahali pale pale kutwa nzima, na baada ya miezi hutokea vidonda. Vikombe chini ya fimbo vilijaa kinyesi kila adhuhuri. Kibarazani palikuwa na kunguru, hawa kunguru weusi wenye shingo ya kijivu walioletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 na ambao sasa wameitawala Dar es Salaam. Walikuwa wakitua juu ya kuba na kudonoa wavu. Shemeji alidhani wanacheza.

Kwa hiyo ndege walikuwa na tundu kubwa wasiloweza kulitumia, na mahali pamoja tu palipokuwa na utulivu: upande wa ukutani, mwisho wa fimbo ya juu, kunguru wasikofika. Hapo ndipo kioo kilipokuwa kimetundikwa.

Nilichokiona asubuhi ile

Nilipofika, jike alikuwa kisandukuni na mayai matano chini yake. Dume nilimtoa kwa taulo dogo, nikamweka kwenye mizani ya jikoni ndani ya bakuli. Gramu 43. Kwa bahati shemeji alikuwa amempima siku alipomleta nyumbani, na aliandika kwenye kalenda ya ukutani: 53. Gramu kumi ni chache masikioni, lakini alikuwa amepoteza karibu sehemu moja ya tano ya mwili wake. Mfupa wa kifua ulikuwa umetokeza mkali chini ya kidole changu kama ukingo wa mtumbwi.

Kisha nikaona utosi wake. Manyoya ya juu ya kichwa yalikuwa yamegandana kwa ute mkavu wenye maganda ya mbegu.

Hapo nikaelewa kosa langu la Jumapili ile. Kucheua na kutapika ni mambo mawili, na lugha yetu inayatenganisha vizuri kuliko nilivyoyatenganisha mimi kwenye simu. Ndege anayecheua kwa posa husogeza kichwa juu na chini kwa utaratibu, humkaribia anayempenda, na kumkabidhi chakula mdomoni au kukiweka mahali. Utosi wake hubaki mkavu. Ndege anayetapika hurusha kichwa kushoto na kulia kwa nguvu, na kile kinachomtoka humrukia mwenyewe kichwani na kwenye nyaya za pembeni. Shemeji alianza kuona la kwanza, ambalo lilikuwa kweli ni mahaba. Baadaye likaingia la pili, naye akaendelea kuliita kwa jina la la kwanza kwa sababu mimi nilimwambia ni kawaida. Nilipaswa kumwuliza swali moja tu: utosi mkavu au umelowa? Sikumwuliza.

Nikageukia tundu. Nyuma ya kioo na pembeni yake, eneo la kama kiganja, wavu ulikuwa umepoteza mng'ao. Ulikuwa wa kijivu, na kwenye maungio ya nyaya kulikuwa na vitone vigumu vilivyobaki kiwandani, baadhi vimechongwa na kubaki nusu. Nilipitisha kidole, kikatoka na unga mweupe kama wa chaki. Nikazunguka tundu lote nikipapasa. Kwingine unga ulikuwepo kidogo, lakini vitone vilikuwa vizima. Alama za mdomo zilikuwa kwenye kona ile tu.

Mabati ni chuma kilichovishwa zinki ili kisishike kutu. Wavu wa namna hii unapochovywa kwenye zinki ya moto hubaki na vidonge na magamba yasiyoshikamana vizuri, na ukikutana na unyevu wa pwani hutoa ule unga mweupe. Kuku hadhuriki sana, kwa kuwa hana tabia ya kuguguna waya. Kasuku wote, mkubwa kwa mdogo, ni mafundi wa kuguguna. Magamba yakiingia tumboni, tindikali ya tumbo huyayeyusha, zinki huingia kwenye damu na kuathiri kongosho, ini na figo. Wafugaji wa zamani huuita ugonjwa wa waya mpya, na jina hilo linajitosheleza.

Mbegu, moshi, au waya?

Shemeji hakukubali mara moja, na alikuwa na haki. "Mbona jike mzima? Si wamo tundu moja?" Lilikuwa swali la msingi, na jibu lake ndilo lililonipa uhakika niliokuwa nao.

Tulianza na mbegu. Mtama na uwele uliokaa kwenye unyevu huota ukungu wenye sumu, na mfuko wake ulikuwa jikoni karibu na sinki. Niliunusa, nikauvunja mkononi, nikautazama juani. Ulikuwa mkavu na safi. Isitoshe, jike alikula mbegu hizo hizo, tena zaidi, kwa kuwa alikuwa akitaga.

Tukaja kwenye hewa. Dirisha la jiko lilikuwa hatua moja kutoka tunduni, na jikoni palikuwa na kikaango cha Teflon (kile kisichogandisha chakula), jiko la mkaa la siku umeme unapokatika, na dawa ya mbu ya kupuliza. Kila Alhamisi jioni shemeji hufukiza ubani. Mapafu ya ndege hupitisha hewa kwa namna iliyo kali kuliko yetu, na ndiyo maana zamani wachimba makaa ya mawe walishuka na ndege mashimoni. Kikaango cha aina ile kikiachwa kitupu motoni hadi kipate moto kupita kiasi hutoa gesi inayoweza kuua cherero wote chumbani kwa dakika chache, wakati mwenye nyumba hajasikia hata harufu. Lakini hilo huua kwa ghafla, na huua wote. Hapa tulikuwa na ndege mmoja aliyekonda polepole kwa wiki mbili au tatu. Mahali pale palikuwa pabaya na ilibidi tundu liondoke, ila si hewa iliyomwangusha.

Ikabaki waya, na swali la jike. Tangu aanze kutaga, alikuwa kisandukuni. Mdomo wake ulishinda ukipasua kadibodi na gazeti. Cherero jike wa aina hii ana ustadi wa kupendeza mno: hukata ukanda mwembamba ulionyooka kama uliopimwa kwa rula, hugeuza kichwa, na kuuchomeka kati ya manyoya ya kiunoni, kisha huruka nao hadi kiotani. Wa Fischer na wa kola ya njano hubeba mdomoni tu. Jike wa shemeji alikuwa na kazi, na kazi yake ilikuwa ya karatasi. Dume hakuwa na kazi. Mwenzake amejifungia, fimbo ni laini haina gamba la kumenya, kamba ameichoka. Kilichobaki cha kumshughulisha ni yule "ndege" wa kwenye kioo, asiyejibu na asiyeondoka. Akashinda naye saa nyingi kila siku, na alipokosa kuitikiwa alihamishia mdomo kwenye waya iliyo karibu.

Kioo peke yake hakina sumu. Waya, kama ndege hana sababu ya kuutafuna, huenda angeishi nao miaka. Kuvitundika pamoja kwenye kona pekee yenye utulivu ndiko kulikomfanya dume ashinde pale akitafuna zinki.

Kwa daktari

Nafupisha hapa, maana tiba ni ya mwenye taaluma. Tulimpeleka kwa daktari wa mifugo asubuhi hiyo hiyo, na nilichukua pamoja nami gazeti lenye kinyesi na kipande cha wavu kwenye mfuko. Hakuwa na njia ya kupima zinki kwenye damu ya ndege mdogo kiasi kile, akatuambia wazi kwamba anatibu kwa kufuata historia na dalili. Alimdunga dawa inayoshika metali mwilini na kuitoa kwa mkojo, akampa maji chini ya ngozi, na kutufundisha kumlisha uji mwepesi kwa bomba dogo. Siku tano za sindano. Alikaa kwangu ndani ya boksi la plastiki lenye matundu ya hewa, feni imezimwa. Ndege mgonjwa anahitaji joto la nyuzi 30 hivi, na Dar ya mwezi wa pili ilitupa joto hilo bure. Siku ya tatu alimenya mbegu mwenyewe. Siku ya sita aliniuma mkono akanipigia kelele, nikafurahi kuliko ninavyoweza kueleza.

Kwa uaminifu wa kisa, uthibitisho wa maabara hatukuupata. Tulichonacho ni alama za mdomo, unga mweupe, kupona baada ya kuondolewa tunduni na kutibiwa, na kwamba hajarudia hadi leo.

Tundu la pili

Wakati dume yuko kwangu tulikuwa na wiki mbili za kufikiri. Shemeji alitaka kwanza kuuokoa wavu ule ule. Inawezekana kupunguza hatari: unausugua wote kwa brashi ngumu na siki, unausuuza, unauanika juani, unarudia mpaka kidole kitoke safi, na unachonga vitone kwa tupa. Kwa mfugaji asiye na njia nyingine nitamwambia afanye hivyo, na awape ndege vitu vingi vya kuguguna mbali na wavu. Lakini siki haimalizi zinki, huondoa ile iliyolegea tu, na kwa ndege ambaye tayari ini na figo zake zimeonja sumu sikukubali. Tulitafuta tundu la nyaya zilizopakwa rangi ya unga iliyookwa, lisilo na mahali rangi imebanduka. La stenlesi ni bora kuliko yote, ila bei yake ni ya watu wengine.

Vipimo tulivyochukua ni sentimita 90 za urefu, 50 za upana na 60 za kimo. Urefu ndio tuliougombania. Nafasi kati ya waya na waya ni sentimita 1.2, kichwa cha cherero hakipiti. Milango ni ya kupanda na kushuka, na cherero huijua kuifungua ndani ya siku mbili, kwa hiyo kila mmoja una klipu ya stenlesi.

Fito tulikata kwenye mpera wa jirani, kwa ruhusa yake, kwenye mti usiopuliziwa dawa. Tulichagua za unene tofauti, nyembamba kama kidole cha mwisho na nene kama gumba, na tukaacha magamba yake. Tulizisugua kwa maji ya moto na kuzianika juani siku nne. Zimefungwa tatu tu. Moja ya juu iko mwisho wa kushoto, ukutani, ndiyo ya kulalia. Ya pili iko mwisho wa kulia, chini kidogo. Ya tatu ni fupi na yenye panda, karibu na vikombe lakini haipiti juu yake. Katikati hapana kitu. Shemeji alipotazama alisema, "Mbona umeacha patupu hivi, shem?" Patupu hapo ndipo pa kurukia.

Mchanga tuliutupa. Huficha kinyesi, na kinyesi ni barua ya ndege kwa mfugaji. Sasa sakafuni kuna gazeti linalobadilishwa kila asubuhi, na shemeji hulisoma kabla ya kulitupa: kijani kigumu na cheupe ni sawa, maji matupu siku mbili mfululizo ni simu kwa daktari.

Kamba ya pamba ilitoka pia. Nyuzi zake zilikuwa zimeanza kufumuka, na uzi mmoja ukizunguka kidole cha mguu hukikata kama wembe. Mahali pake tumetundika makuti mabichi yaliyochanwa, ukindu usiotiwa rangi na maganda ya mahindi. Wiki moja yamekwisha, tunatundika mengine. Gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na vitu vya dukani, na sijaona kitu kinachowapendeza zaidi. Kwa kalisi, madini ya kujenga mifupa na maganda ya mayai, tuliokota ufukweni magamba ya dome (mnyama wa baharini wa jamii ya ngisi), yale meupe mepesi yanayoletwa na mawimbi. Tuliyaloweka siku mbili tukibadilisha maji, tukachemsha na kukausha. Jike aliyetaga alimaliza la kwanza ndani ya siku nane, ishara ya jinsi alivyokuwa ameishiwa.

Kisanduku cha kutagia kilizua mjadala mrefu kuliko vyote. Shemeji alitaka vifaranga. Lakini jike alikuwa ametaga bila kalisi ya kutosha, dume ni mgonjwa, na hakuna wa kumlisha akiatamia kwa siku zile 23. Kisanduku kikikaa, ataendelea kutaga, na yai linaloshindwa kutoka linaweza kumuua jike ndani ya siku moja au mbili. Tulisubiri mpaka akayaacha mayai mwenyewe, kisha tukakiondoa. Kitarudi mwakani wakiwa na afya, au hakitarudi.

Chakula nakipitia haraka: mtama, uwele na ulezi ndio msingi, alizeti kidogo kama zawadi kwa sababu ya mafuta yake, mchicha na majani ya matembele kila siku, karoti. Parachichi ni marufuku kabisa, ni sumu kwa ndege. Na kisahani kipana cha maji cha kuogea saa nne asubuhi.

Tundu limetoka kibarazani limeingia sebuleni, mgongo wake umegusa ukuta, kimo cha kifua cha mtu mzima. Jua la asubuhi linaligusa nusu, nusu ya pili ni kivuli, ndege anajichagulia. Miguu ya meza iko kwenye makopo ya maji kuzuia sisimizi. Ubani sasa unafukizwa chumbani, mlango umefungwa, na kikaango cha Teflon shemeji alimpa mtu asiyefuga ndege. Saa moja jioni kitambaa chepesi hufunika juu na pande tatu, hadi alfajiri.

Kurudi kwa dume

Hapa karibu tuharibu tena. Shemeji alitaka amhamishie jike kwanza kwenye tundu jipya ili "azoee nyumba". Nilimkatalia. Jike wa cherero akikaa mahali peke yake siku chache hupafanya pake, na anayeingia baadaye, hata awe mume wake wa miezi, hupigwa. Midomo hii hukata vidole vya miguu. Tuliwaweka siku tatu kwenye matundu mawili yaliyotazamana, wakiitana kutwa, kisha tukawaingiza wote wawili kwa wakati mmoja, asubuhi, tundu likiwa geni kwa wote.

Saa nzima ya kwanza hawakusogea. Walikaa bega kwa bega kwenye ufito wa kulalia, migongo ukutani. Kisha dume akashuka kwenye makuti, akachukua ncha moja, akaivuta hadi ikachanika.

Leo ni wiki ya kumi. Dume ana gramu 52 kwenye kalenda. Juzi nilimwona jike akikata ukanda wa ukindu, akauchomeka kiunoni, akaruka kutoka kushoto kwenda kulia na ukanda ukamdondoka katikati, akarudi kukata mwingine. Dume alikuwa akimlisha, na nilimtazama utosi kwa makini: mkavu. Ufito ule wa kulia hawautumii sana, nadhani upepo wa feni unaufikia. Jumapili tutausogeza.